Eunos Roadster linapokosa moto: kutafuta kosa na kubadilisha nyaya za plagi nyumbani

Gari dogo la viti viwili ambalo Mazda ililionyesha Chicago mwezi wa Februari 1989, likauzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster na kwingineko likajulikana kama MX-5, lina injini imara inayovumilia miaka mingi ikitunzwa. Hata hivyo, kuna mahali ambapo uzee wake hujitokeza mapema kuliko kwingine, nako ni kwenye nyaya nne zinazochukua umeme kutoka kwenye koili, yaani kifaa kinachopandisha volti, na kuupeleka kwenye plagi zinazotoa cheche. Mwongozo huu unahusu magari ya kizazi cha kwanza, yaani ya 1989 hadi 1997, yenye injini ya lita 1.6 na baadaye ya lita 1.8. Umeandikwa kwa ajili ya mwenye gari anayetaka kufanya kazi hii mwenyewe uani kwake, na hasa yule ambaye amekwisha kununua plagi mpya, chujio la petroli, pengine hata koili, na gari bado lina misi, yaani silinda fulani inakosa kuwaka.

Jambo ambalo ningependa alishike kabla ya kufungua boneti ni kwamba nyaya hizi kwa kawaida huvujisha umeme muda mrefu kabla ya kukatika. Ndiyo maana mita ya umeme inaweza kuonyesha kwamba waya ni mzima ilhali huo huo ndio wenye kosa.

Mimi nililijua hilo baada ya kutumia fedha nyingi bure. Eunos langu la 1992 lilikuwa halina neno lolote Nairobi, lakini nilipoliteremsha Mombasa likaanza kukatakata kila nilipopanda mlima wa Mazeras, nje ya Mombasa, na pedali imekanyagwa hadi chini. Fundi wa kwanza alibadilisha chujio la petroli, wa pili akasafisha nozeli zinazonyunyizia petroli, na wote wawili walinirudishia gari likiwa vilevile. Sababu ilikuwa ya kimaumbile kabisa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na silinda haishindiliwi hewa nyingi kama inavyoshindiliwa pwani. Cheche inayoruka kwenye pengo la plagi huhitaji volti nyingi zaidi kadiri mchanganyiko wa hewa na petroli unavyobanwa zaidi, kwa hiyo gari lilipofika usawa wa bahari koili ililazimika kusukuma umeme kwa nguvu kubwa kuliko ilivyozoea, na umeme ukapata njia rahisi zaidi ya kupita: ganda la waya wa silinda ya pili, ambalo lilikuwa limechoka, na chuma cha injini kilichokuwa sentimeta moja tu kutoka hapo.

Moto unavyosafiri katika injini hii

Ni vigumu kutafuta kosa katika gari hili bila kuelewa mpangilio wake wa koili, kwa sababu haufanani na ule wa magari ya zamani yenye disitribyuta. Nyuma ya silinda hedi, karibu kabisa na ukuta unaotenganisha injini na abiria, zimefungwa koili mbili kwa pamoja. Koili moja inahudumia silinda ya 1 na ya 4, na ya pili inahudumia silinda ya 2 na ya 3. Silinda ya 1 ni ile iliyo mbele, upande wa rejeta, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Kila koili ina midomo miwili. Umeme hutoka katika mdomo mmoja, ukapita kwenye waya wa silinda ya 1, ukaruka pengo la plagi, ukaingia katika chuma cha injini, kisha ukarudi kwa kuruka pengo la plagi ya silinda ya 4 na kupanda waya wake hadi mdomo wa pili. Cheche mbili hutokea kwa wakati mmoja: moja katika silinda iliyobana mchanganyiko na iliyo tayari kuwaka, nyingine katika silinda inayosukuma moshi nje, ambako cheche hiyo haina kazi.

Mpangilio huu unamsaidia sana mtafuta kosa. Silinda mbili zinazoshirikiana, yaani 1 na 4 au 2 na 3, zikifa kwa pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni koili yao, au ignaita, yaani kifaa cha elektroniki kinachoiamrisha, au soketi ya nyaya ndogo zinazoingia kwenye koili. Ikifa silinda moja tu, koili yake kwa kawaida ni nzima, kwa sababu jirani yake anayetumia koili hiyo hiyo bado anawaka, na hapo uangalie waya, plagi, nozeli au vali za silinda hiyo peke yake. Zikifa silinda mbili zisizo jozi, tuseme 1 na 2, basi kuna makosa mawili tofauti, au kuna jambo linalozigusa zote mbili kama vile mafuta ya injini au maji yaliyoingia katika visima vya plagi, yaani mashimo marefu ambamo plagi hukaa. Maswali haya matatu, yakijibiwa kabla ya kununua kitu, yanaokoa pesa nyingi kuliko kifaa chochote cha kupimia.

Dalili na maana zake

Dalili iliyo ya kawaida kuliko zote ni gari kusita na kukatakata linapobeba mzigo katika mizunguko ya kati, tuseme kati ya 2,500 na 4,000 kwa dakika, ukiwa kwenye gia ya nne au ya tano na umekanyaga pedali sana, kisha tatizo linapotea ukipunguza mguu kidogo. Dereva wengi huamini hapo kwamba petroli haifiki. Tofauti inaweza kusikika: petroli ikipungua, nguvu huzama taratibu na kwa ulaini, kama gari linalovutwa nyuma, ilhali moto ukikosekana gari hupiga mateke mafupi makali, kila teke likiwa ni mlipuko mmoja ambao haukutokea. Misi inayokuja kwa mzigo na kuondoka kwa kuachia pedali, katika injini hii, mimi huihesabu kuwa ni ya nyaya mpaka ithibitike vingine.

Dalili ya pili hufuata hali ya hewa. Gari huwaka kwa shida alfajiri yenye umande, au linatetemeka baada ya mvua au baada ya injini kuoshwa, kisha linapona lenyewe likishapata joto. Ganda la waya lenye nyufa ndogo huhami vizuri likiwa kavu, lakini unyevu ukijaa ndani ya nyufa hizo hutengeneza njia ya umeme. Wanaoishi mwambao watalikuta jambo hili mapema zaidi, kwa sababu chumvi iliyomo katika hewa ya bahari hutanda juu ya raba na, ikilowa, hupitisha umeme kuliko maji matupu. Kama dalili imeanza muda mfupi baada ya kuosha injini, usinunue chochote kwanza; vuta kofia zote nne za plagi, zile za raba kwenye ncha za nyaya, na utazame ndani ya visima. Mara nyingi maji yametuama humo, na hewa ya kompresa pamoja na saa moja ya jua vinatosha kulimaliza tatizo.

Injini inayotetemeka ikiwa silensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, wakati inatakiwa kutulia kwenye mizunguko karibu 850 kwa dakika, haielekezi moja kwa moja kwenye nyaya. Waya uliochoka kiasi huweza kufanya kazi vizuri katika silensa kwa sababu mkandamizo hapo ni mdogo na volti zinazohitajika ni chache. Gari likitetemeka silensa lakini likavuta vizuri kwa mzigo, ningeangalia kwanza kama kuna mahali hewa inaingilia. Katika injini ya lita 1.6, bomba la raba linalounganisha mita ya hewa na sehemu ya kuingizia hewa hupasuka katika mikunjo yake kwa uzee, na ufa huo hauonekani mpaka bomba likunjwe kwa mkono. Likitetemeka silensa na pia likakosa nguvu kwa mzigo, silinda imekufa kabisa na kazi ya kuitafuta ni nyepesi.

Harufu ya petroli kwenye bomba la moshi, ikiandamana na misi, ni onyo la kutopuuzwa. Petroli ambayo haikuwaka katika silinda huenda kuwakia ndani ya katalisti, yaani kifaa cha kusafisha moshi, ambayo joto lake linaweza kupanda hadi ikawa nyekundu na kuharibika kwa ndani. Gari lenye silinda iliyokufa lisiendeshwe safari ndefu kwa matumaini kwamba litajirekebisha. Anayelazimika kulifikisha nyumbani achomoe soketi ya nozeli ya silinda hiyo ili petroli isimwagwe bure.

Kuna dalili moja ambayo huwachanganya watu na ambayo haihusiani na nyaya hata kidogo. Gari likizima ghafla barabarani na sindano ya mizunguko ikaanguka sifuri papo hapo ilhali magurudumu bado yanaizungusha injini, umeme umekatika kabla ya koili, katika ignaita, katika soketi zake, au katika kihisi cha pembe ya kamu kilicho nyuma ya silinda hedi. Waya wa plagi hauwezi kufanya hivyo, kwa maana zipo nyaya nne na haziwezi kukatika zote kwa sekunde moja.

Kumpata mwenye kosa

Anza kwa kujua ni silinda ipi. Desturi ya kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa inanguruma, ili kusikiliza ni upi usioleta tofauti, imeenea sana katika gereji zetu, nami naomba iachwe. Koili hizi hutoa makumi ya maelfu ya volti, pigo lake humfanya mtu arushe mkono kwenye feni au mkanda unaozunguka, na koili ambayo umeme wake umekosa pa kwenda hutafuta njia ndani ya ganda lake yenyewe ikajiharibu. Njia salama ni kuchomoa soketi za nozeli moja baada ya nyingine. Ni pembamba kuzifikia chini ya bomba la kuingizia hewa, lakini mkono hufika. Ukichomoa soketi ya silinda nzima, mlio wa injini unazama. Ukichomoa ya silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika.

Kisha ngoja usiku. Egesha gari mahali pa giza na penye hewa, fungua boneti, washa injini, na utazame nyaya kwa utulivu kwa dakika mbili au tatu mpaka macho yazoee. Nyaya zilizochoka huonyesha vicheche vya samawati vikirukia kwenye kifuniko cha vali au kwenye waya wa jirani, na mara nyingi husikika pia kama mdundo mwembamba wa tik-tik. Kama hakuna kinachoonekana, nyunyizia ukungu mwembamba wa maji kutoka kwenye chupa ya kunyunyizia, ukianzia upande wa koili na kwenda mbele waya mmoja mmoja, bila kulowesha soketi za umeme. Waya utakaofanya injini ishtuke baada ya kunyunyiziwa ndio huo. Jaribio hili, ambalo halina gharama yoyote, nimeliona likifichua nyaya ambazo mita ilikuwa imeziidhinisha.

Mita nayo ina nafasi yake, mradi tujue inachosema. Inapima kama umeme unaweza kupita ndani ya waya kutoka ncha hadi ncha. Haipimi kama ganda linaweza kuuzuia usitoke nje. Nyaya za asili za gari hili zina ukinzani wa takriban kiloohm 16 kwa kila mita moja ya urefu, kwa hiyo waya wa sentimeta 60 unatarajiwa kusoma karibu kiloohm 10. Waya wa silinda ya 1 ndio mrefu kuliko wote, kwa kuwa koili ziko nyuma, na usomaji wake utakuwa mkubwa kuliko wa silinda ya 4. Hilo si kosa. Usomaji ulio mara mbili au tatu ya unaotarajiwa, au unaorukaruka ukiukunja waya, au usio na mwisho kabisa, unatosha kuuhukumu waya. Usomaji mzuri hautoshi kuuachilia.

Zile silinda mbili za jozi zikiwa zimekufa pamoja, pima koili. Kwa injini ya lita 1.6, upande wa kwanza wa koili, ule wa nyaya ndogo, husoma chini kidogo ya ohm 1, na kati ya midomo miwili ya koili hiyo hiyo unapaswa kupata takriban kiloohm 11 hadi 15 injini ikiwa baridi. Tazama pia ganda la koili kwa tochi: mstari mwembamba mweusi kama ulioandikwa kwa penseli, kutoka kwenye mdomo hadi kwenye chuma, ni alama kwamba umeme umekuwa ukipita hapo, na waya mpya hautauzuia.

Mwisho, tazama ndani ya visima vya plagi. Mafuta ya injini yakiwemo, gasketi ya kifuniko cha vali imekwisha, na raba ya kofia iliyokuwa ikiogelea humo imelainika na kuvimba. Kuweka nyaya mpya juu ya mafuta hayo ni kuzitupa. Gasketi ibadilishwe kwanza. Oili inayopatikana nyuma ya silinda hedi, ikitiririka chini ya koili, mara nyingi hutoka kwenye raba ya duara ya kihisi cha pembe ya kamu. Raba hiyo ni ya bei ndogo, lakini anayeibadilisha ajue kwamba kihisi hicho ndicho kinachoweka wakati wa moto, hivyo akitie alama kabla ya kukilegeza, na baadaye apime kwa taa ya taimingi ili moto urudi kwenye nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, matundu yaliyoandikwa TEN na GND yakiwa yameunganishwa kwa waya katika kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti.

Nyaya na plagi za kununua

Nunua seti nzima ya nyaya nne, na ununue plagi nne pamoja nazo. Sababu ya kuunganisha vitu hivi viwili ni kwamba plagi kuukuu ndiyo iliyoua nyaya za kwanza. Pengo la plagi za gari hili ni milimita 1.0 hadi 1.1, likishaliwa likapanuka, volti zinazohitajika hupanda, na mzigo huo wote hubebwa na ganda la waya. NGK BKR5E-11 na BKR6E-11 ndizo zinazotumika sana katika injini hizi, tarakimu 11 ya mwisho ikiwa na maana ya pengo la milimita 1.1. Kwa kuwa plagi za bandia zipo katika masoko yetu, zikaguliwe kabla ya kulipiwa: maandishi juu ya kauri yawe safi na yasifutike kwa kidole, nyuzi ziwe laini, na ncha ya katikati iwe katikati kweli.

Kuhusu nyaya nene zenye rangi kali zinazouzwa kama nyongeza ya nguvu, ningependa kusema wazi kwamba hazina nguvu ya kuongeza. Waya hautengenezi umeme. Kazi yake ni kuufikisha bila kuupoteza, na waya mzuri wa kawaida ukishaufikisha wote hakuna kilichobaki cha kuongezwa. Zilizo hatari ni zile za shaba tupu zisizo na ukinzani, ambazo huleta mkwaruzo katika redio na zinaweza kuitatiza kompyuta ya gari. Seti iliyotengenezwa mahsusi kwa injini hii, yenye urefu sahihi kwa kila silinda na kofia zenye ukosi wa raba wa kuziba mdomo wa kisima, ndiyo ya kutafuta.

Kazi yenyewe

Injini iwe baridi kabisa. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na plagi ikifunguliwa kwenye aluminiamu yenye joto inaweza kutoka na nyuzi zake. Tenganisha waya hasi wa betri, ambayo katika gari hili haiko chini ya boneti bali nyuma, ndani ya buti. Piga picha ya nyaya kwa simu kutoka juu na kutoka pembeni kabla ya kugusa chochote, kisha ubadilishe waya mmoja baada ya mwingine, kuanzia silinda ya 4 ambao ndio mfupi, ukienda mbele. Atakayechomoa nyaya zote nne kwa pamoja atapoteza nusu saa akijaribu kukumbuka mdomo upi wa koili ulikuwa wa nani, na sehemu ya nyuma ya injini hii si mahali pa kukumbukia mambo, kwa kuwa ni pembamba na mtu hufanya kazi kwa kupapasa.

Shika kofia ya raba, usishike waya. Izungushe nusu mzunguko kushoto na kulia mpaka uisikie imeachia, ndipo uivute juu wima. Nyaya zilizokaa miaka mingi hugandamana na kauri ya plagi, na anayevuta kwa hasira hubaki na waya mkononi huku kofia ikiwa kisimani. Upande wa koili fanya vivyo hivyo. Mkono usipofika, ni afadhali kulegeza boliti za mabano ya koili na kuisogeza mbele kidogo kuliko kuvuta kwa koleo.

Kabla ya kufungua plagi, puliza kila kisima kwa hewa, maana mchanga ulio chini yake utaangukia ndani ya silinda mara tu plagi itakapotoka. Tumia boksi la plagi la milimita 16 lenye raba ndani. Panga plagi za zamani mezani kwa namba zake. Usishangae plagi za jozi moja zikiwa zimelika tofauti, kwani katika mpangilio huu wa koili cheche ya mmoja hutoka katikati kwenda pembeni na ya mwenzake hutoka pembeni kuja katikati. Plagi nyeusi na yenye unyevu wa petroli inathibitisha silinda iliyokuwa haiwaki. Mstari mwembamba mweusi unaoteremka juu ya kauri nyeupe ya nje, wenye mwenzake ndani ya kofia ya raba, ni njia ya umeme uliokuwa ukitoroka, na ukiuona ujue kwamba plagi hiyo na waya huo vyote havifai tena, hata kimoja kikionekana kipya.

Plagi mpya ianzishwe kwa vidole. Kipande cha mpira mwembamba kilichovikwa juu ya plagi kinasaidia, kwa sababu nyuzi zikikaa mshazari mpira utateleza badala ya kulazimisha. Kaza kwa Nm 15 hadi 22 ukiwa na spana ya toki. Usipokuwa nayo, plagi mpya yenye wosha ikishagusa chini kwa mkono, iongeze nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Nyuzi zisipakwe grisi, kwa sababu nyuzi zenye mafuta humfanya mtu akaze kupita kiasi bila kujua. Hakikisha kile kichwa kidogo kilicho juu ya plagi kimekazwa, kwa maana kikilegea kitazaa misi mpya.

Ndani ya mdomo wa kofia paka grisi ya silikoni, utando mwembamba tu, ili maji yasiingie na kofia isigandamane tena. Isukume kofia wima hadi usikie au uhisi imenasa juu ya plagi. Kisima ni kirefu, na raba ikikaza mapema mtu hudhani amefika. Ukosi wa juu ukiwa haujalala juu ya kifuniko cha vali, basi hajafika. Upande wa koili nao unase vilevile. Rudisha nyaya katika vishikizo vyake vya plastiki, zisigusane, zisilale juu ya chuma chenye ncha wala karibu na bomba la moshi.

Likikataa baada ya kazi

Injini ikikataa kuwaka, au ikapiga mlipuko kwenye njia ya hewa, nyaya za jozi moja zimeingia kwenye koili ya jozi nyingine, kwa mfano wa 1 umekaa mahali pa 2. Linganisha na picha. Kubadilishana kwa 1 na 4, au kwa 2 na 3, hakutazuia injini kuwaka vizuri, kwa sababu silinda hizo hupata cheche kwa wakati mmoja. Utaligundua tu kwa waya mmoja kuvutika na mwingine kuwa na urefu wa ziada, na ni vyema kurekebisha kwa ajili ya hilo.

Ikiwaka lakini na misi ambayo haikuwapo, katika mara tisa kati ya kumi kofia haijanasa. Zima injini, isukume kila kofia upya kwa pande zote mbili, na usisahau kuhakiki soketi za nozeli ulizochomoa wakati wa kupima. Ikiwa misi ni ile ile ya awali na imebaki katika silinda ile ile, waya na plagi vimeondolewa kwenye orodha. Badilisha nozeli ya silinda hiyo na ya jirani uone kama misi inahama. Isipohama, pima mkandamizo wa silinda zote nne. Silinda iliyo chini sana kuliko wenzake mimina kijiko cha oili ndani yake na uipime tena. Usomaji ukipanda, ringi zimelika. Usipopanda, ni vali au gasketi ya hedi, na kazi hiyo inahitaji silinda hedi kushuka.

Ikiwa imetulia, iache ipate joto, kisha ipeleke kwenye mlima ule ule uliokuwa ukiifanya ikatekate, gia ya nne, mizunguko 2,500, pedali hadi chini. Baada ya hapo rudia jaribio la giza na chupa ya maji usiku huo huo, na nyaya za zamani utakazoziona bado nzima zitie kwenye mfuko ndani ya buti, kando ya betri, pamoja na boksi la plagi la milimita 16.